Kula tu bila zoezi, misuli inakuja? Anza kwa kujua we unakosa nini

Wiki tatu zilizopita kaja dogo mmoja jimu kwetu Tabata, jimu yenyewe ya uani, vyuma vingi tumemimina zege kwenye makopo ya rangi tukachomeka bomba katikati. Akasimama mlangoni akawaangalia jamaa wanavyohema, afu akanivuta pembeni. Shikamoo kaka, mi nataka kifua na mikono ila hayo mavyuma siyawezi, niandikie ratiba ya kula tu. Kilo 54, miaka 23, kazi yake kukaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa toka saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Sikumcheka hata kidogo, maana hili swali naulizwa sana na wengi wanaouliza wanaumia kweli, mtu kaitwa kimbaumbau toka shule ya msingi, kavumilia mpaka kawa mkubwa, sasa anataka njia. Tukakaa kwenye benchi karibu saa zima. Haya ndo niliyomwambia, nimeongezea namba tu ili na wewe ufanye hesabu yako.

Jibu kwanza. Kama we ni mtu mzima, huumwi, unashiba kila siku na kazi yako ni ya kukaa, chakula peke yake hakitakupa misuli. Kitakupa uzito, na uzito mwingi utakaa tumboni na kiunoni. Ila usiishie hapo, maana wapo watu ambao chakula ndo kitu pekee wanachokosa, na hao wakila vizuri mwili unajaa bila kugusa chuma hata kimoja. Kwaiyo kabla hujanunua trei ya mayai jua kwanza we uko upande gani.

Ngoja nieleze mwili unavyofanya, siyo ngumu. Msuli haukai tu kama ulivyo, kila siku kuna nyama inavunjwa na nyingine inajengwa. Ukila maharage au samaki, kwa saa chache kujenga kunapanda, afu kunashuka hata kama bado una chakula tumboni, na usiku ukilala bila kula kuvunja kunashika zamu. Ukipiga hesabu ya siku nzima unakuta imelingana, umebaki pale pale. Kinachobadilisha hiyo hesabu ni msuli wenyewe kupewa kazi nzito. Ukishaupa mzigo, kwa siku nzima na zaidi unakuwa na njaa ya protini, yani yai lile lile ulilokula jana bila faida kubwa leo linatumika vizuri zaidi. Na protini haina ghala mwilini kama mafuta yalivyo na ghala. Ukizidisha, ini linaitoa naitrojeni inatoka kwenye mkojo kama yurea, kinachobaki kinachomwa kama nguvu au kinaishia kuwa mafuta. Ndo maana mtu anakula mayai nane kwa siku miezi mitatu na mkono uko vile vile.

Kama huamini hilo muangalie mtu aliyevunjika mguu akafungwa piopi. Mimi nina jamaa yangu bodaboda alifungwa wiki sita, mama yake alikuwa anamlisha supu, mayai, maziwa, kila kitu, na siku ya kufunguliwa ule mguu ulikuwa mwembamba unatia huruma, wakati wa pili uko sawa tu. Mdomo ni mmoja, damu ni moja, supu ni ile ile, mguu mmoja umebaki na nyama na mwingine umeisha. Tofauti yao ni kwamba mmoja ulikuwa unakanyaga na mwingine haukanyagi. Ukielewa hapo hata nikiacha kuandika umeshapata nusu ya somo.

Na watafiti wamelipima hili kwa watu. Mwaka 1994 kule Boston, Marekani, ulichapishwa utafiti wa wazee 100 waliokuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 87, wakagawanywa makundi manne: wengine wanyanyue uzito kwa miguu, wengine wapewe kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine wasipewe chochote kati ya hivyo. Wiki 10 tu. Walionyanyua, nguvu ya miguu iliongezeka zaidi ya mara mbili. Waliopewa kinywaji peke yake hawakupata kitu. Mzee wa miaka 87! Huwa nawaambia wanaosema umri umeenda wakalisome hilo taratibu.

Sasa kuna mwingine wa 2012, huu wa Louisiana, na nauweka hapa kwa sababu watu wanautumia vibaya. Walichukua watu 25 wakaishi ndani ya kituo cha utafiti, kwa wiki nane wakalishwa kalori kama 950 zaidi ya mahitaji yao kila siku, bila mazoezi ya kujenga mwili. Kundi moja protini kidogo sana, asilimia 5 ya kalori, jingine 15, jingine 25. Wale wa 5 walipungua karibu robo tatu ya kilo kwenye mwili usio mafuta, pamoja na kulishwa kote kule. Wale wa 15 na 25 waliongezeka kama kilo 3 za mwili usio mafuta. Hapo mtu anaruka, si umeona, kilo 3 bila zoezi! Tulia kidogo. Mwili usio mafuta siyo misuli peke yake, humo kuna maji, kuna ini, kuna utumbo, ukila sana na vyenyewe vinaongezeka. Afu makundi yote matatu walipata mafuta karibu sawa, kilo tatu na nusu hivi. Kwaiyo somo la kubeba hapo ni kwamba ukiamua kuongeza chakula bila protini unajinenepesha huku unapungua nyama, ndo yale ya ugali mkubwa na mchuzi, au chipsi na soda kila siku, mtu anapanda kilo na mikono inabaki njiti.

Haya, sasa jua we ni yupi.

Kundi la kwanza ni wale chakula kinawatosha kubadilika. Mtu aliyetoka kuumwa akapungua sana, TB, malaria ya kulazwa, upasuaji, hao nyama iliondoka kwa ugonjwa na njaa, ukirudisha chakula sehemu kubwa inarudi, na kutembea kwake tu nyumbani ni mzigo wa kutosha kwa mwanzo. Kijana anayekua bado, wa miaka 14 au 16, homoni zake ndo zinafanya kazi, mlishe vizuri umuache acheze mpira. Na kuna kundi ambalo mi linaniuma kwa sababu halitajwi kabisa, ni wale wanaofanya kazi ngumu kila siku wanakula kidogo. Kuli wa Kariakoo anabeba magunia toka alfajiri, mbeba zege, mvuvi anavuta nyavu, mama wa kijijini ana jembe mkononi na ndoo kichwani. Hawa huwezi kuwaambia waende jimu. Mzigo wanao mwingi kuliko mimi ninayeandika hapa, wanachokosa ni sahani. Asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana ugali na mchuzi wa maharage machache, jioni hivyo hivyo. Huyu akiongeza mayai mawili na bakuli la dagaa kila siku mwili wake unabadilika ndani ya miezi michache bila hata ya pushapu, maana kazi yake tayari ni zoezi. Kama we ni huyu, hela ya jimu peleka kwenye chakula, nasema kwa moyo mmoja.

Kundi la pili ni wa kukaa: ofisini, dukani, kwenye daladala unaendesha, kwenye kibanda kama yule dogo. Hapa kinachokosekana ni mzigo, na mara nyingi na protini pia. Ukiongeza kimoja tu kile cha chakula unapata kitambi.

Kundi la tatu wazee, na mama zetu na baba zetu wengi wako huku. Kuanzia miaka ya 30 na kitu misuli inaanza kupungua pole pole na ukifika 60 inakimbia zaidi, na mwili wa mzee hauitikii protini haraka kama wa kijana. Mzee anahitaji protini zaidi kidogo, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kilo, wakati nyumbani kwetu mzee ndo anapewa uji mtupu na chai na mkate kwa sababu "hawezi kutafuna". Mpe mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, maziwa, samaki aliyetolewa miba, maharage yaliyoiva sana. Afu asimame na kukaa kwenye kiti mara 8 au 10, apumzike, arudie, umshike mkono kama anayumba.

Hesabu ya protini iko hivi. Mtu wa kukaa anahitaji gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, hiyo ni ya kuishi tu. Anayenyanyua vitu kwa nia ya kujenga mwili, 1.6 kwa kilo, na kuzidisha zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo sana kwa watu wengi. Yule dogo kilo 54 mara 1.6, tunapata 86. Nikamuuliza jana umekula nini, tukahesabu pamoja ikatoka kama 45. Ndo hali ya wengi.

Sasa 86 unaipataje bila kununua kopo la pauda ya protini? Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa 8. Kiganja cha karanga 7. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Nyama au samaki aliyepikwa wa ukubwa wa kiganja chako bila vidole, 22 mpaka 26. Dagaa wakavu ndo wafalme wa bei, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala wazima unapata na kalsiamu ya mifupa humo humo. Na unga wa dona una gramu 8 hivi kwenye kila 100, watu husahau kuuhesabu.

Siku yake tukaipanga hivi: asubuhi mayai mawili, glasi ya maziwa, karanga kiganja na mkate au chapati, hapo ana 32. Mchana kwa mama ntilie wali maharage, ila amwambie mama aongeze maharage apunguze wali, wengi wanakubali kwa bei ile ile au shilingi mia chache juu, 23. Usiku ugali wa kawaida na dagaa wa kutosha, gramu 30 wakavu kabla hawajapikwa, pamoja 29. Jumla 84. Siku akiongeza yai moja amevuka. Hamna kitu cha ajabu hapo, hamna kitu cha kuagiza nje.

Gawanya kwenye milo, usifungie kazi yote usiku. Ukila gramu 20 mpaka 30 mara tatu inafanya kazi kuliko kukaa njaa kutwa afu usiku ukamaliza kuku nusu. Na kama wewe ni mwembamba hakikisha na nguvu inatosha, wali, ndizi, mihogo, mafuta kidogo, kwa sababu ukila protini huku kalori ni pungufu mwili unaichoma kama kuni.

Makande usiyadharau. Protini imeundwa na vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Mahindi yana upungufu wa kimoja kinachoitwa laisini, maharage yanacho kwa wingi, kile ambacho maharage yanapungukiwa mahindi yanafidia, bibi zetu walikuwa wanapika kitu kamili. Kwa upande mwingine supu ya makongoro, ambayo mi naipenda sana asubuhi ya Jumapili, usiihesabu kama chakula cha misuli. Ule uzito wake ni jelatini, ni protini kweli lakini haina triptofani kabisa, nayo ni amino asidi ya lazima, na amino asidi za kujenga msuli ni chache. Kunywa kwa utamu wake, ila weka na yai pembeni.

Upande wa mzigo sasa, na hapa ndo dogo alikuwa anaogopa. Nikamwambia hatugusi chuma, tafuta dumu la lita 20 nyumbani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwaiyo hilo dumu ni mzani wa kunyanyulia unaoweza kuongeza kilo moja moja kwa kikombe tu, hata jimu za watu wenye hela si zote zina vyuma vya kupanda taratibu hivyo. Siku mbili au tatu kwa wiki, dakika 25. Unalikumbatia kifuani unachuchumaa na kuinuka. Unainama mgongo ukiwa umenyooka unalivuta kuja tumboni kama unavuta kamba ya kisima. Unaliinua toka begani kwenda juu. Afu pushapu, za chini zikikushinda anza kwa kusukuma ukuta, ukizoea ukuta nenda kwenye meza, ukizoea meza shuka chini. Kila moja mizunguko mitatu. Idadi isikusumbue sana, 8 ni sawa na 20 ni sawa, muhimu ukiacha uwe umebakiza kama mbili ambazo ungeziweza kwa shida. Ukiacha huku bado unaongea na simu hujafanya kitu. Wiki ikiisha ongeza lita moja.

Mtu aliye na piopi au maumivu na hawezi hivyo vyote, kula protini yako vizuri maana inaweza kupunguza kasi ya msuli kuisha, kaza msuli wa paja ukiwa umelala bila kusogeza goti kama daktari amekuruhusu, na fanyia zoezi mguu mzima, kuna nguvu inayohamia upande wa pili kupitia mishipa ya fahamu, si nyingi ila inasaidia siku ya kuanza kukanyaga.

Sasa nizungumzie vidonge, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu nimeona madada na vijana wanaharibika. Kuna vidonge vinauzwa kwenye vifuko bila jina, "vya kuongeza mwili". Mara nyingi ndani ni saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo inaleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, dawa kali ya steroidi inayofanana na homoni ya mwili, au vyote viwili. Hiyo ya kwanza inakulisha tu, unapata mafuta. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, inajaza uso unakuwa wa duara, inashikilia maji, inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, na huku unadhani umenenepa inakula misuli ya mapaja na mabega, mtu mnene anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Na kama umeitumia muda mrefu usiache ghafla mwenyewe, mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza homoni yake yenyewe na unaweza kuanguka, nenda hospitali sema ukweli wakupunguzie taratibu.

Kuna watakaosema mbona baunsa fulani hafanyi mazoezi na kajaa. Kipo kitu kimoja kinachoongeza msuli bila zoezi na ni homoni. Mwaka 1996 ulitoka utafiti wa wanaume 43 huko Marekani, waliochomwa testosteroni, homoni ya kiume, dozi kubwa wiki 10 bila zoezi waliongezeka kama kilo 3 za mwili usio mafuta, waliofanya zoezi bila sindano karibu 2, waliofanya vyote 6. Kwaiyo ni kweli, ila hiyo siyo lishe, hiyo ni dawa, na ukiichoma bila daktari korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua mpaka unatafuta mtoto hupati. Kreatini, ile pauda wanayokunywa wanaonyanyua vyuma, ni salama kwa mtu mwenye figo nzima, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, lakini bila zoezi kinachoongezeka ni maji zaidi. Na mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla hajaongea na daktari wake.

Kupima usitumie mzani peke yake, mzani hauwezi kukwambia ulichoongeza ni nini. Nenda kwa fundi cherehani azima futikamba, pima mkono katikati ya bega na kiwiko, pima paja, pima kiuno kwenye kitovu, asubuhi kabla hujala, andika. Rudia baada ya wiki nne, siyo kila siku utajichanganya. Kiuno kikipanda kuliko mkono na paja, unazidisha chakula au mzigo haukubani, na mara nyingi ni mzigo. Vyote vikikaa pale pale wiki nne na zoezi unafanya kweli, ongeza sahani. Kwa anayeanza nusu kilo ya msuli kwa mwezi ni kazi nzuri sana, mwanamke kama nusu ya hapo, na usingizi wa saa saba nane ndo unaokamilisha, huyu dogo analala saa saba usiku kwa sababu ya simu na tumeshagombana kwa hilo.

Alianza na lita nane za maji na pushapu za ukutani. Jumamosi hii anaweka ya kumi na moja, na kashaanza kushuka kwenye meza.